Feret wa Mzee Anselm Aliyekatazwa Kuku

Nimewahi kumpigia mnyama magoti nikimwomba asife. Mimi, mtu mzima, Mtaita wa Wundanyi. Cheka tu, lakini soma hadi mwisho.

Ilikuwa 2003, Kilburn, London. Nilikuwa namtunza mzee wa Kiingereza, Anselm, nikiishi kwake. Mjane, miaka themanini na moja, miguu imegoma. Hakuwa na rafiki ila feret wake, Duchess.

Feret ni mdogo wake kicheche, mrefu mwembamba kama soksi, ila huyu anafugwa ndani na kulala kitandani. Siku ya kwanza nilipanda juu ya kiti.

Baadaye tulizoeana. Nikawa nampikia mwenyewe: kuku wa kusaga, maini, yai. Mzee hakutaka chakula cha dukani.

Basi Duchess akaanza kujikuna.

Alijikuna hadi manyoya yakamtoka mgongoni, ngozi ikawa nyekundu, inatoa majimaji. Daktari wa wanyama akasema ni mzio wa chakula.

"Kuku hapana. Yai hapana. Sungura peke yake, wiki nane. Na uandike kila anachokula."

Nikanunua sungura. Nikatenga sufuria yake, kisu chake, bakuli lake. Wiki ya tatu, ya nne, ya tano. Wapi!

Alikonda hadi mbavu zikaonekana. Mzee naye akaanza kurudisha sahani zikiwa zimejaa.

"Akifa, mimi sina haja ya chakula," alisema.

Nikampigia Laurette, rafiki yangu Mkongomani anayefanya usafi Tottenham.

"Dada, ile kitu iko na pepo," akasema. "Tuiombee."

Tukaomba kwa simu. Enyewe nilikuwa nimechanganyikiwa.

Nikamshuku hata mzee. Nikapekua chini ya mto wake nikitafuta vipande vya kuku. Nikakuta picha ya marehemu mkewe tu. Nilienda kulia chooni kwa aibu.

Wiki ya sita binti wa mzee akaja. Alipomwona Duchess alijiziba mdomo, akanigeukia mimi.

"Margaret, huku ni kumtesa. Ijumaa asipopata nafuu, atachomwa sindano alale moja kwa moja."

Mzee aligeukia ukutani.

Ijumaa asubuhi nikamfunga Duchess kwenye taulo, nikamlaza kando ya mzee. Nikapiga magoti na kijiko mkononi.

"Kunywa, mama. Kunywa usife."

Mzee akageuka. "Unampa nini?"

"Dawa. Supu."

"Supu ya nini?"

Nikakitazama kijiko.

Kwetu mtu akiugua anapikiwa supu ya kuku, hilo halina mjadala. Daktari alikataza kuku, nami nyama yake sikumpa hata kipande. Lakini kila asubuhi kule jikoni, kabla ya sungura, nilimnywesha vijiko vitatu vya supu apate nguvu. Alivyozidiwa, nikapandisha hadi sita. Kwenye daftari la daktari sikuandika, maana kwangu hicho hakikuwa chakula.

Nilikuwa namuua kwa mkono wangu, tena kwa huruma.

"Ya kuku," nikasema. Nikamweleza yote.

Mzee alimvuta Duchess kifuani. Kisha akasema, "Mpigie binti yangu. Mwambie mwenyewe."

Nilimwambia. Alinifokea vya kutosha, na nilistahili. Lakini sindano haikuchomwa. Supu ikakoma siku hiyo hiyo. Baada ya wiki tatu kujikuna kukapungua, na kufikia Krismasi mgongo ulikuwa na manyoya tena. Mzee akaanza kumaliza sahani.

Ndugu yangu, ukikabidhiwa mgonjwa wa mtu, taja kila kinachopita mdomoni mwake, hata kile ulicholelewa ukijua ni dawa. Mimi nilificha bila kujua kwamba naficha.

Januari mzee akashikwa na mafua. Nikampikia supu ya kuku, nikamketisha vizuri. Duchess akaja mbio, akasimama kwa miguu ya nyuma, pua juu ya bakuli.

"Margaret," mzee akasema, "mtoe huyo nje kwanza, kabla hujamhurumia."