Nilipopasua Kuni za Msiba Wangu

Nimechelewa kuyaandika haya, kwanza kwa sababu naandika polepole (niliishia darasa la saba, na mwandiko wangu mwalimu alikuwa anausoma huku amekunja uso), na pili kwa sababu ya aibu, maana hata leo nikipita Machochwe kuna watoto wananikimbia halafu wanarudi kunichungulia. Lakini kila mtu anaisimulia habari hii kwa namna yake, na wengine wameshaniongezea jeneza, ambalo halikuwepo kabisa, kwa hiyo acheni niiseme mwenyewe.

Wakati ule wa rashi, dhahabu ilipoonekana upande wa Kewanja na watu wakamiminika kutoka kila mkoa, mimi nilikuwa natengeneza karasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Kule machimboni hakuna mtu anayetumia jina la kwao. Rafiki yangu niliyelala naye hema moja aliitwa Sauzi, Msukuma ambaye hajawahi kuvuka hata mpaka wa Kenya pale Sirari. Mimi waliniita Kimya, kwa sababu naweza kumaliza siku nzima kwa maneno matano, na manne kati ya hayo ni ya kuomba spana.

Mama yangu alikuwa nyumbani Machochwe, na kila akipiga simu swali lilikuwa moja: "Umeingia shimoni?" Nilikuwa namjibu hapana, mimi niko juu na mashine, lakini nilijua halali vizuri. Nilitaka nipate kazi ya fundi mahali pasipo na mashimo, karibu na kwetu. Basi siku moja nikaenda kwa kijana mmoja wa steshenari, nikamwomba aniingize kwenye ule mtandao wa kazi, ambao mtu anaweka jina lake na kazi anayoijua, halafu wenye kazi wanamtafuta.

"Jina?" akauliza.

"Kimya."

"Jina la cheti, kaka. Nani ataajiri Kimya?"

Tukaweka Boniphace Marwa Nyamhanga, jina ambalo tangu nimalize shule lilikuwa limelala kwenye bahasha (nyumbani mimi ni Marwa tu). Akataka kunipiga picha ya uso, nikaona haya, nikamwambia aweke picha ya karasha niliyoitengeneza. "Sasa wakija watasalimiana na karasha?" akasema, lakini akaiweka. Sikumwambia mtu, hata Sauzi, kwa kuogopa kuchekwa. Hapo ndipo nilipokosea, ila sikujua.

Miezi miwili ikapita, nikasahau. Halafu wiki moja namba ngeni ikanipigia mara tatu. Namba ngeni mimi nilikuwa sipokei, nilikuwa naitazama tu mpaka ichoke.

Jumanne asubuhi nikiwa chini ya karasha nakaza nati, nikasikia bodaboda inasimama, na sauti ya mama mtu mzima ikisema, "Namtafuta Boniphace Marwa Nyamhanga."

Hapa lazima muelewe jambo moja. Machimboni, mwenye habari njema hakuulizi kwa majina matatu. Majina matatu ni ya polisi, au mahakama, au mke uliyemwacha Geita. Na huyu mama, nilipochungulia, alikuwa amevaa baibui na kwapani ana faili! Wiki iliyotangulia alikuja mtu mwenye faili kama hilo, akataja majina matatu ya mwenzetu, akaondoka naye. Mimi kuhusu ule mtandao hata sikukumbuka. Nilianza kuhesabu makosa yangu, sikuliona hata moja, na bado nikatambaa nikaingia chini ya turubai kwenye mifuko ya mawe.

Sauzi alilijua jina langu (aliwahi kunipokelea mzigo kutoka kwa mama, umeandikwa Marwa Nyamhanga), akasimama kunilinda.

"Boniphace? Aaa, yule fundi. Alishahama mama, yuko Geita."

"Mbona pale barabarani wamesema fundi wa karasha hizi walimwona jana?"

 Niliiona miguu ya Sauzi ikihama hama.

"Basi mama, sikutaka nikuambie. Amefariki."

"Lini?"

"Jana hiyo hiyo. Jioni. Duara lilimfukia shimoni."

Yule mama akasema innalillahi, akaketi juu ya jiwe, akaanza kulia. "Mtoto wa watu! Na mimi nampigia simu, napiga, napiga!" Ningekuwa mtu mwenye mdomo ningetoka hapo hapo, lakini niambieni, unatokaje chini ya turubai mbele ya mtu anayekulilia? Nikasema akimaliza nitatoka. Hakumaliza. Mama Supu, anayetupikia, ambaye hata hakujua Boniphace ni nani, akaja naye akaanza kulia kwa heshima tu.

"Kwao ni wapi, nikawape pole?" mama akauliza.

Sauzi uongo ulikuwa umemwishia. Akasema kweli: "Machochwe."

Bodaboda ilipoondoka akafunua turubai. "Toka, marehemu. Nimekuokoa. Leo supu ni juu yako."

Mtandao kule unashika juu ya lundo la kifusi tu, kwa hiyo mchana nilipanda nikafungua simu, ndipo nikaona ujumbe wa wiki iliyopita. "Mimi ni Mama Zuhura, nauza vipuri Mugumu. Nina karasha nne, natafuta fundi wa kudumu. Kazi yako nimeipenda. Pokea simu, mwanangu." Kumbe ndiye yule mama wa faili! Halafu nikateremka kwenye ukurasa wangu, chini ya picha ya karasha, nikakuta maandishi mapya ya Mama Zuhura: "Pumzika kwa amani, fundi Boniphace." Chini yake kulikuwa na watu wengi nisiowajua wakilia, na yule kijana wa steshenari ameandika, "Tutakumbuka ucheshi wako." Ucheshi! Mimi!

Nikaandika, herufi moja moja, "Mimi ni mzima." Ilinichukua kama robo saa. Jibu halikuchukua hata dakika: "Mnaochezea akaunti ya marehemu mlaaniwe." Mwingine akasema, "Hata mwili haujapoa!"

Hapo ndipo nikakumbuka Machochwe. Nikapiga simu ya mama, haipatikani. Nikaruka kwenye bodaboda ya kwanza niliyoiona.

Nilifika kama saa kumi. Turubai limefungwa uani, viti vya jirani vimeletwa, wanawake wanalia ndani. Nilipanga kuingia na kusema kwa sauti, jamani, mimi hapa. Lakini mlangoni alikuwepo mzee mmoja wa upande wa shemeji zetu, asiyenijua.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Pole, mura, kijana wangu. Marehemu ulimfahamu?"

Akili yangu ilisema, mwambie! Mdomo wangu ukasema, "Kidogo."

"Kijana mzuri sana yule, ila alikuwa haongei. Shika shoka hilo, kuni hazitoshi."

Nikashika. Nawaambieni ukweli wa Mungu, nilizunguka nyuma ya nyumba nikapasua kuni za msiba wangu. Baba mdogo alikuwa ukumbini anawaeleza watu kwamba tangu utoto sikuwahi kumdharau mtu, na kwamba mashine yake ya mahindi niliitengeneza bila kuombwa, mambo ambayo akiniona haniambii (nakiri, hapo nilipunguza kasi ya shoka ili nisikie vizuri).

Mimi napasua kuni kwa kupiga mara mbili, halafu natulia. Ndani, kilio cha mama kikakatika.

"Nani anapasua kuni?"

"Kijana tu wa kusaidia."

"Huo mkono ni wa Marwa."

Akatoka. Waliokuwa nyuma yake waliponiona, yaliyofuata siwezi kuyaandika yote. Sufuria la chai lilipinduka, viti viwili vikavunjika, na yule mzee aliyenipa shoka alikimbia kuliko vijana. Mama hakukimbia. Alinipiga kibao kwanza, ndipo akanikumbatia, akanishika kichwa, mabega, mikono, kama anayekagua mbuzi sokoni.

"Uliingia shimoni?"

"Hapana mama. Nilikuwa chini ya turubai."

Mama Zuhura naye alikuwa amesimama pale na faili lake, macho mekundu. "Ndiye wewe Boniphace?"

Watu wote wakanigeukia. Niliona nikinyamaza, kazi imekwenda, na mama yangu ameaibika bure. Nikavuta pumzi.

"Ndiye mimi. Ulipoita nilisikia, nikajificha. Simu zako niliziona, nikaogopa kupokea. Rafiki yangu alidanganya ili kunilinda, lakini kosa ni langu, nisamehe mama, nisameheni wote."

Sikuwahi kusema maneno mengi hivyo kwa mpigo mmoja. Mama Zuhura akanitazama sana.

"Nimekulilia kutoka Kewanja mpaka hapa," akasema. "Hata mume wangu sikumlilia hivyo, Mungu anisamehe." Mtu mmoja akacheka, halafu wote. "Karasha zangu zimelala. Nikikuita utaitika?"

"Nitaitika."

"Sijasikia."

"Nitaitika!"

"Haya, simama hapo na shoka lako." Akatoa simu akanipiga picha ya uso, na mama yangu akajibana pembeni naye atokee.

Sukari ya msiba ikishatolewa hairudishwi, kwa hiyo chai ilipikwa upya na watu wakanywa hadi jua likazama.

Sasa niko Mugumu, karasha zote nne zinasaga, na mama analala. Sauzi nimemleta, ananisaidia, ila nimemkataza kuzungumza na wageni. Kwenye ukurasa wangu kuna uso wangu na shoka, na nimeandika majina yote: Boniphace Marwa Nyamhanga, nyumbani Marwa, machimboni Kimya. Na nimeapa kwamba simu yoyote ikiita naipokea. Jana kulikuwa na mtu amekosea namba, anatafuta muuza kuku, nikaongea naye mpaka akaaga yeye.

Bado mara moja moja mtu hulikuta lile tangazo la zamani akaniandikia pole. Namjibu, herufi moja moja: "Asante. Naendelea vizuri."