Aune na Barafu ya Mdogo Wake

Kwa majira ya baridi ishirini na matatu, aliyewatengenezea watoto wa mji mdogo wa Korpi barafu ya kuchezea hoki alikuwa Aune Ranta, mpishi wa shule. Hakuna aliyemwajiri. Alianza kwa hasira, mwaka binti zake walipoambiwa kwamba ukumbi wa barafu wa mji wa jirani ni wa wavulana kwanza, wasichana watabakiziwa saa kumi na moja alfajiri. Aune akavuta mpira wa maji kutoka kwenye bomba la zimamoto hadi kiwanja cha nyuma ya kanisa, akaanza kukimwagia maji. Unamwaga tabaka jembamba, unasubiri ligande, unamwaga jingine. Kwa kusikiliza tu mlio wa maji yakigusa chini, alijua kama yatashika au yatapasuka. Binti zake walikua wakahamia mji wa Duluth, yeye akaendelea. Watoto walimwita Bi Barafu, na jina hilo alilipenda kuliko alivyokuwa tayari kukiri.

Kisha baridi ikaanza kuchelewa. Mwaka mmoja barafu ilishika baada ya Krismasi. Mwaka uliofuata iliyeyuka mara nne, na wasichana wadogo wakacheza mechi mbili tu nyumbani. Ndipo kamati ya hoki ikaamua kujenga uwanja wa wazi wenye mabomba ya ubaridi: unalaza mabomba ya plastiki sakafu nzima, unayafunika kwa zege, halafu mashine inayazungushia maji ya chumvi yaliyopozwa, na barafu inashika hata siku ya koti jepesi. Aune mwenyewe aliinua mkono kuunga mkono hoja. Asichokijua ni nani angekuja kuujenga.

"Fundi tumempata," alitangaza Harlan Voss, mwenyekiti, fundi magari mwenye sauti ya kuamsha mtaa. "Tena wa nyumbani! Marita, mdogo wake Aune!"

Ukumbi mzima ulipiga makofi. Aune naye akapiga, maana angefanyaje.

Dada hao walipishana miaka mitano. Baba yao alipoharibika mapafu kwa vumbi la mgodi, Aune alikuwa na barua ya kukubaliwa chuo cha ufundi. Aliikunja akaiweka kabatini, akasema ataenda mwakani. Mwaka huo haukufika; miaka mitano baadaye alikwenda Marita. Akasomea mitambo ya ubaridi, akajenga viwanja vya barafu katika miji ambayo Aune aliiona kwenye ramani tu, na kila Krismasi alirudi na picha. Aune alizitazama, akasema "Vizuri," kisha akaingia jikoni kukoroga chungu kisichohitaji kukorogwa.

Mwezi wa saba Marita aliwasili na mafundi wake, akafikia kwa dada yake. Wiki haikuisha, Korpi yote ikawa yake. Asubuhi kwenye duka la mikate, watu waliokuwa wakimuuliza Aune habari za barafu sasa walimpita na vikombe vyao vya kahawa kwenda kwenye meza ya Marita.

"Mdogo wako ana kichwa!" Harlan alimwambia. "Ulimficha wapi miaka yote hii?"

"Sikumficha. Aliondoka kwa miguu yake."

Brynn, kipa wa miaka tisa mwenye pengo la meno mawili, ndiye aliyemchoma zaidi, na wala hakukusudia. "Bi Aune, kumbe Bi Marita anaweza kutengeneza barafu mwezi wa kumi! Wewe ulikuwa unangoja mpaka Mungu apende."

Aune alicheka. Kisha akaenda zake bila kuaga.

Hata nyumbani hakupata nafuu. Mumewe Delbert, mtu wa maneno machache, ghafla alipata maneno. "Marita anasema paa letu halina hewa ya kutosha. Marita anasema tungeweka feni."

"Basi muoe yeye."

Delbert aliweka uma chini. "Mke wangu, nimesema paa tu."

Wivu ulimla Aune namna hiyo, kidogo kidogo, huku akimpikia mdogo wake pasti, mikate midogo ya kuoka iliyojazwa nyama na viazi, na kumfulia nguo za kazi. Kilichomuumiza zaidi ni kwamba Marita hakuringa. Angeringa, Aune angepata pa kumshikia. Lakini Marita alisema "Asante, dada," akaosha vyombo, akalala kama mtu asiye na deni na yeyote.

Mwishoni mwa mwezi wa nane mabomba yote yalikuwa yamelazwa juu ya nondo na kufungwa kwa waya, mistari mia na zaidi iliyonyooka kama ya daftari. Yalijazwa hewa, na geji ikafungwa pembeni: mshale ukishuka, kuna tundu. Asubuhi ya Alhamisi, siku moja kabla ya kumwaga zege, Aune alipita pale akielekea shuleni. Mafundi walikuwa hawajafika. Alitembea pembeni polepole, na kwenye kona ya upande wa kanisa akasikia kitu. Masikio yale yaliyozoea kusikiliza maji yalisikia hewa: fyuuu, nyembamba kabisa. Akapiga magoti. Ncha ya waya ilikuwa imekatwa vibaya ikalichoma bomba. Akalowesha kidole kwa mate, akapaka. Mate yakatoa povu.

Aliinuka, akajipangusa magoti, akaenda kazini.

Jioni mezani alimsikia Marita akimwambia Delbert kwamba geji imeshuka kidogo, kama unywele, na kwamba ni baridi ya asubuhi tu, hewa hujikunja. Aune alikuwa anakata mkate. Neno lilikuwa mdomoni, tayari. Akaendelea kukata. Kichwani mwake alikwishaiona kesho: watu wote pale, na yeye ndiye wa kunyoosha kidole.

Ijumaa walikuja watu kama arobaini na mabuti yao, pamoja na akina mama waliobeba kahawa na keki. Malori ya zege yalijipanga barabarani. La kwanza likaanza kumimina upande wa mbali, wanaume wakasawazisha kwa mbao, Marita akitembea katikati yao, kofia nyuma, sauti haipandi. Aune alisubiri. Zege likafunika theluthi ya uwanja. Ndipo akaita, kwa sauti aliyokuwa akiitumia kuwaita watoto mia mbili kwenye foleni ya chakula:

"Marita! Bomba lako linavuja!"

Kila mtu aligeuka kutazama kona aliyokuwa akiinyoshea kidole. Marita alikuja mbio, akapiga magoti palepale alipopiga magoti dada yake, akaweka sikio. Uso ukamwisha damu. "Simamisheni!" akapaza sauti. "Simamisheni malori!"

Zege la sakafu kama ile humwagwa kwa mkupuo mmoja, na kubadili bomba kungechukua siku nzima. Likikaukia njiani, mpaka wa kukutania utapasuka na barafu itapasuka nao. Kwa hiyo lile lililokwishamwagwa lilipaswa kutoka, na kutoka kabla halijashika. Watu arobaini wakaingia na makoleo, na mahali ambapo koleo lingekata bomba waliingia kwa mikono. Walichota kuanzia saa nne mpaka alasiri, zege likiwaunguza vidole. Harlan alishikwa kiuno akalazwa nyuma ya pikapu yake, akitoa amri akiwa chali.

Na kila aliyepita alimpiga Aune begani. "Umetuokoa, Bi Barafu." "Bila wewe tungezika tundu." Marita alimjia wa mwisho, mikono imepauka.

"Umelijuaje, dada?"

"Nimelisikia tu."

"Asante," Marita alisema, na machozi yakamlengalenga. "Ningeaibika maisha yangu yote."

Ile asante Aune hakuweza kuipokea. Alikuwa amepata kila alichokitaka, na hakikuwa na ladha.

Jumamosi jioni dada hao waliingia pamoja sauna, kibanda cha kuogea mvuke, kama walivyofanya tangu utotoni, nyuma ya nyumba ya Aune. Marita aliyamwagia maji mawe ya moto, mvuke ukapanda. Aune alikaa akitazama miguu yake.

"Nililisikia Alhamisi," alisema.

"Nini?"

"Tundu. Alhamisi asubuhi. Ulipokuwa unasema habari za geji nilikuwa najua."

Marita aliweka chini kata ya maji. "Ukanyamaza."

"Nilinyamaza."

"Mpaka wote wafike."

"Ndiyo."

"Kwa nini, dada? Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea kitu. Ndiyo taabu yenyewe." Aune alijifuta jasho usoni. "Ile barua ya chuo ilikuwa yangu. Halafu barafu nayo ilikuwa yangu."

"Barua ulikataa kwenda nayo! Mimi nililia nikikwambia nenda, nitabaki na baba. Ulisema mimi ni mtoto, sitaweza kumwinua." Marita alisimama, jasho likimtiririka. "Miaka thelathini nakuletea picha uniambie hata neno moja. 'Vizuri.' Kama mtu aliyeletewa bili." Akashika mlango. "Mimi unaweza kuniaibisha, tumezaliwa tumbo moja. Wale waliochimba zege kwa vidole wamekukosea nini? Waambie."

Kesho yake Marita alihamia hoteli ya barabara kuu.

Aune aliwaambia. Jumatatu alisimama mbele ya kamati, akaeleza Alhamisi na Ijumaa bila kujipamba. Aliposema mate yalitoa povu, mtu mmoja aliguna. Harlan, aliyekuwa amejifunga mkanda kiunoni, aliugonga kwa kiganja.

"Kiuno changu hiki, Aune."

"Najua, Harlan."

"Basi, kaa chini." Mwezi mzima hakusema naye kitu kingine. Kwenye duka la mikate Aune alikunywa kahawa peke yake. Bomba lilibadilishwa, zege likamwagwa upya, na yeye akalitazama kutoka dirisha la jiko la shule.

Katikati ya mwezi wa kumi, majani bado mekundu mitini, kompresa, zile mashine za ubaridi, zikawashwa. Sakafu ikapata ukungu mweupe wa baridi. Lakini wafanyakazi walipomwaga maji, barafu ilitoka na mapovu na mabaka, mara mbili. Siku ya tatu gari la Marita lilisimama mbele ya nyumba ya Aune. Hakushuka, aliteremsha kioo.

"Sijakusamehe," alisema.

"Sikuomba bado. Naogopa kuomba."

"Vijana wangu wanamwaga kama wanazima moto. Vaa mabuti."

Aune alimwaga siku mbili, asubuhi hadi magharibi, tabaka jembamba baada ya tabaka, huku Marita akiwa kwenye mitambo akipandisha na kushusha ubaridi kwa ishara ya mkono wake. Waliongea maneno ya kazi tu: ongeza, punguza, subiri. Asubuhi ya tatu barafu ililala angavu kama kioo na laini, na Brynn akaingia wa kwanza na pedi kubwa za kipa miguuni, akaanguka, akainuka akipiga kelele: "Bi Marita! Bi Marita, imeshika!"

Aune alisikia jina lililoitwa. Moyo ulimchoma palepale pa siku zote, na akashangaa kuona kwamba unamchoma bado, baada ya yote yale. Akakunja mpira wa maji, akautundika.

Kwenye benchi Marita alikuwa ameketi na chupa ya kahawa. Alimwona dada yake amesimama, akasogea kidogo, bila kugeuza uso. Aune alikwenda akaketi. Wasichana kumi na wanne walikuwa wakizunguka, makoti yao yamefunguliwa kwa joto la jua.

"Wanateleza vizuri," Aune alisema.

"Vizuri tu?"

Aune alimgeukia. "Umejenga uwanja mzuri sana, mdogo wangu. Nimeona picha zako zote, na huu unazishinda."

Marita alimimina kahawa kwenye kifuniko cha chupa, akampa.