Maombi na Simu Ngeni

Juzi nikiwa kwenye foleni katika ofisi moja ya Parklands, mama aliyebana Biblia kwapani alikuwa akibishana na karani.

“Mama, tulikupigia uje intavyuu, ukakataa.”

“Mimi nikatae kazi? Na vile nimeifungia na kuiombea?”

“Ulisema, ‘Shindwe katika jina la Yesu!’ Halafu ukakata simu.”

“Ai, huyo hakuwa nyinyi. Huyo alikuwa tapeli.”

Karani akapiga nambari ileile. Simu ya mama ikalia juu ya kaunta, na sote tukasoma jina alilokuwa amelihifadhi: Tapeli.

“Pokea basi, mama,” karani akasema.

Sikucheka. Tangu nimzike mume wangu, nami humwomba Mungu anifungulie mlango. Nilipofika nyumbani Waithaka niliketi, nikatafuta simuni nambari ngeni nilizokuwa nimezihifadhi vivyo hivyo, nikaanza kuwapigia matapeli wangu, mmoja mmoja.