Siku Niliyopimwa kwa Mizani ya Kahawa

Kuna aibu ambazo mtu anaweza kuzika akaendelea na maisha, lakini yangu ilishuhudiwa na karibu kila jirani niliye naye hapa upande wa Kanyakine, wote wamepanga foleni na magunia ya kahawa mgongoni, kwa hivyo sina cha kuzika, nawasimulia tu.

Mimi ndiye kifungua mimba kwetu. Wazazi walipofariki wakifuatana, niliacha shule nikashika jembe, na wadogo zangu wawili, Mutwiri na Kendi, wakasoma. (Watu husema nilijinyima. Chakula sikujinyima, hilo mnajionea.) Nilinenepa kidogo kidogo, kisha sana, mpaka nikilala chali pumzi inakatika, na Kendi, kitinda mimba wetu, akawa analala chumba kimoja nami ili akisikia nimenyamaza aniinue kwenye mito nisije nikafia usingizini. Alikuwa ameitwa chuo cha ualimu, Embu, akaahirisha mwaka mzima kwa sababu yangu, na safari hii chuo kilimwambia asiporipoti Jumatatu ya kufungua, nafasi inaenda kwa mwingine. Mimi niliyeacha shule ili wao wasome ndiye niliyekuwa nimekaa juu ya masomo yake, na mnajua nikikaa juu ya kitu hakitoki.

Mutwiri alikuwa amepata kazi Afrika Kusini, na huko ndiko alikonitafutia daktari wa kunipasua na kulipunguza tumbo lenyewe la ndani. Miaka hiyo ya tisini hakuna mtu kwetu aliyewahi kusikia habari kama hiyo. Kukonda kulikuwa dalili ya ugonjwa, jambo la kunong'onezana kwenye matanga, si kitu cha kupandia ndege, kwa hivyo majirani niliwaambia ninaenda kutibiwa tumbo, basi, na wala sikudanganya.

Hospitali ile ilikuwa na sharti moja: nisizidi kilo mia moja na sitini, kwa ajili ya dawa ya usingizi na kitanda chao cha upasuaji. Wangenipima tena nikifika, na aliyezidi hurudishwa alikotoka. Sasa mizani ya hospitali yetu ya hapa ilikuwa inagota kabla ya kunifikia (mshale ulikwenda mpaka mwisho ukatulia pale, kama mtu aliyekata tamaa), daktari akakuna kichwa akaniambia niende kiwanda cha kahawa, kwenye ile mizani kubwa ya kupimia magunia. Karani wa kiwanda, Murithi, tulisoma pamoja. Alinipima siku ambayo hakuna kahawa, mlango umefungwa, na hakumwambia mtu. Nilikuwa nimezidi sana. Nikala kabichi ya kuchemsha na chai ya rangi mpaka nguo zangu zikanuka kabichi, na tulipopima tena nilikuwa nimeshuka chini ya ile mia na sitini, chini kidogo tu, lakini chini. Nililia pale pale juu ya mizani. Ikabaki Mutwiri kupiga simu kiwandani siku ya Alhamisi, maana ndiyo iliyokuwa simu ya karibu, asikie kipimo cha mwisho na kuithibitishia hospitali siku hiyo hiyo, ndipo nisafiri mwisho wa juma na Kendi aende chuo.

Basi mwanzoni mwa wiki hiyo nikaamua kitu kidogo tu. Nikaona si utu kuondoka bila kumuaga Mama Kathure, jirani wa shamba la chini, ambaye mama yetu alipokufa alituletea sufuria ya kwanza ya chakula.

Kwetu msafiri haagwi mdomo ukiwa mkavu. Mama Kathure aliniwekea mukimo wa viazi na mahindi vilivyopondwa, kilima kizima, na uji wa kibuyu uliochachuka vizuri.

"Mama Kathure, daktari amenikataza," nikasema.

"Daktari alikulea?" Akasukuma sahani. "Ndege nasikia wanawapa watu mkate na kitu kama sabuni. Kula, msichana wangu. Ukifia huko tusiseme tulikutoa nyumbani na njaa."

Nikala. Mkono uliokulisha ukiwa yatima huwezi kuusukuma, mimi sijui kama ninyi mnaweza. Na ingeishia hapo, lakini kufika jioni bibi mmoja wa ng'ambo ya mto akatuma neno kuuliza amenikosea nini hata nikapita langoni kwake kama mgeni, maana yeye ndiye aliyewanyoa wadogo zangu siku ya mazishi. Kesho yake nikaenda kwake, na ukienda kwake huwezi kuruka wa pili yake, na wa pili yake alikuwa amechinja kuku tayari. Wiki hiyo nililipa kwa mdomo fadhila za miaka yote. Kila nyumba nilijiambia nitaonja tu. (Mtu wa umbo langu akisema ataonja, msimwamini.)

Alhamisi ilikuwa siku ya kupeleka kahawa. Ningeweza kumwomba Murithi anipime kabla watu hawajafika, lakini nilichelewa, miguu yangu na kile kilima cha kwenda kiwandani mnavijua, na nilipofika foleni ilikuwa imetoka mpaka barabarani na simu ilikuwa ikilia ofisini. Murithi akaipokea, akatoka nje amenyong'onyea. "Ni Mutwiri. Anasubiri kwenye laini. Panda tu."

Nikapanda katikati ya magunia. Murithi ana mazoea ya kutangaza kilo kwa sauti ili mkulima asikie, na mazoea hayana akili. "Mia moja sitini na tatu," akatangaza, na foleni nzima ikageuka.

"Inatakiwa ngapi?" akauliza Mama Kathure, aliyekuwa wa tatu kwenye foleni.

Ikabidi niseme. Ikabidi pia niseme ni ya nini, kwa sababu waliuliza wote kwa pamoja.

"Kwani unaenda kukondeshwa?" mzee mmoja akasema. "Kwa ndege? Wengine wanakonda hapa hapa bure."

Wachache walicheka, lakini Mama Kathure hakucheka. Aliweka gunia lake chini akaja. "Vua sweta," akasema. Nikavua. "Viatu." Nikavua. Akanifungua kitambaa cha kichwa kwa mikono yake, kisha wanawake wakanizunguka na leso nikavuliwa gauni, nikabaki na shimizi juu ya mizani ya kahawa, mchana kweupe, mtu mzima niliyelea watoto.

"Mia moja sitini na moja na nusu," Murithi akasema, safari hii polepole.

"Toa uzito wa gunia," mama mmoja akasema. "Sisi si huwa mnatutolea?"

"Huyu hana gunia, mama."

"Miaka yote mizani hii inatuibia, leo ndiyo imeokoka?"

Murithi akaniinamia. "Niseme mia na sitini?"

Nilitamani. Lakini wangenipima kule, na Mutwiri angekuwa amemuuzia daktari wake uongo kwa ajili yangu. Nikatikisa kichwa. Nikajifunga leso, nikaingia ofisini, nikasema mwenyewe.

Mutwiri akauliza tu: "Dada, ulikula?"

"Walinipa chakula."

"Si ungekataa?"

"Ungekataa wewe?"

Sufuria zile zile zilimlea. Baadaye akapiga tena kusema kitanda kimepewa mgonjwa mwingine, na mwaka huo hakuna nafasi.

Nilimwambia Kendi aende chuo hata hivyo, nitajiinua mwenyewe. Akaniuliza nitajiinuaje nikiwa nimelala.

Tangu hapo nimeapa kutomuaga mtu. Hata nikienda hapa mjini Nkubu tu naondoka kimya kama mwizi, na anayeniwekea sahani namwambia hapana kabla hajakaa, akasirike akitaka. Lakini kiapo hicho kilinijia kwa kuchelewa. Jumatatu ile, siku ya kuripoti, wanawake walikuja kunipa pole, na kwetu pole haiji mikono mitupu. Niliwasikia uani, nikasikia harufu ya mukimo, na tumbo langu, bila aibu yoyote, likanguruma. Kendi alitoka akasimama mlangoni.

"Tunashukuru," akasema. "Dada hatakula."

"Wewe mtoto, tumewalea," akasema Mama Kathure, kwa upole.

"Ndiyo, mama. Hatakula."

Akabaki pale amenyoosha mikono kwenye miimo ya mlango, mwalimu asiye na darasa, analinda mdomo wangu.