Mitego ya Nyuma ya Friji

Radhia, jirani yangu hapa Ibra, Oman, hutengeneza mitego ya mende kwa kipande cha boksi, gundi na kitonge cha mkate uliolowekwa. Haikusudiwi kuwamaliza; inamwonyesha walikojificha, apake dawa hapo tu. Kupuliza nyumba nzima hawezi. Binti yake Lamees ana pumu. Daktari kasema mende wanamzidishia, na dawa ya kupuliza nayo inambana pumzi.

Kila akirudi kutoka kazini aliikagua. Ya majlisi, chumba cha wageni, ilinasa mende wawili watatu. Ya jikoni ilikuwa mitupu. Basi akapaka dawa majlisi, akatoa mazulia, na kifua cha mtoto kikazidi kulia. Mwishowe walimkimbiza hospitali, midomo imempauka. Waliporudi, Radhia aliingia jikoni na hasira zake, akauvuta mtego wa nyuma ya friji. Hauna hata sisimizi, hata chembe ya unga, na jikoni mle mikate husukumwa kila siku.

"Mama," alimwuliza mama mkwe wake anayeishi naye, Bi Mahfoudha, "nani anabadilisha mitego yangu?"

Bi Mahfoudha ni Mzanzibari wa zamani. Nyumba yake inang'ara na kunukia udi.

"Mimi, mwanangu. Wallahi kila asubuhi naitupa naweka mipya. Wanawake wanakuja kunywa kahawa, wanaingia jikoni kuosha vikombe. Waone mende kwa Mahfoudha? Si fedheha hiyo?"

"Na Lamees, Mama?"

Nami simcheki Bi Mahfoudha, maana wanawake wenyewe ndio sisi, na midomo yetu naijua.

Radhia hakwenda kazini kesho yake. Sisi tulifika na thamosi zetu za kahawa kama kawaida. Nilipopita jikoni nilimkuta Bi Mahfoudha ameshika mtego uliojaa mende hata gundi haionekani. Nikadhani atauficha ndani ya leso yake. Chumbani Lamees akaanza kukohoa, kile kikohozi chake kisichokwisha.

Bi Mahfoudha akaubeba mtego mpaka majlisi, akapita katikati yetu, akausimamisha mbele ya mkaza mwanawe.

"Wako nyuma ya friji yangu, Radhia," alisema, kwa sauti ya kutusikilizisha sote. "Hawa hapa."

Tukaweka vikombe chini.