Jina la Wafula Kwenye Tovuti ya Gesti

Nina hasira hata nikiandika haya, na anayetaka kucheka acheke. Wafula, baba ya mtoto wangu, aliniacha mtaani Kibomet akisema anaenda kwao Bumula, kule Bungoma, kupanda mahindi. Mahindi yalivunwa, yakaliwa, na yeye kimya.

Mimi ninafanya kazi kwenye saiba, duka la kompyuta na intaneti, hapa Kitale. Bosi alinipa tovuti ya gesti moja ya Bungoma niitengeneze, akanifundisha hivi: chini ya ukurasa, andika maneno ambayo watu hutafuta kwenye mtandao, tena kwa rangi nyeupe juu ya nyeupe. Msomaji hayaoni, lakini mtandao unayasoma na kuleta watu.

Kuleta watu! Nikaandika "gesti Bungoma" na "vyumba safi Bungoma". Halafu vidole vikaenda vyenyewe: "Wafula wa Bumula, rudi, mtoto ameota meno." Nilijua siku moja mjinga huyo atatafuta jina lake, vile anajipenda.

Jana mama mwenye gesti akaja kuona kazi. Bosi akajigamba, "Mama, ona siri yetu," akaburuta kipanya juu ya ule weupe. Maneno yote yakajitokeza, hata yangu.

Mama akayasoma kwa sauti. Bosi akaninyooshea kidole. Mama akanigeukia.

"Sasa msichana wangu, si Bumula akina Wafula ni wengi? Wewe unataka yupi?"

Ningesema sijui yameingiaje. Badala yake nikasikia mdomo wangu ukijibu, "Yule mwenye hucheka akiwa usingizini."