Mto wa Karia

Nikiwa chini natembea vihatua vidogo kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Nikifika mlangoni miguu hugoma kabisa. Lakini nikishakaa juu ya baiskeli, naenda. Miguu hii ilibeba abiria miaka mingi kati ya Busia ya Kenya na Busia ya Uganda, na naona ugonjwa wa Parkinson haukuambiwa habari hiyo.

Daktari wa Tororo alinieleza kwamba mazoezi ya kumfanya mtu aheme huenda yakazilinda seli za ubongo zilizobaki. Alisisitiza sana hilo neno huenda. Mimi nilishika baiskeli.

Shida ni majirani. Asubuhi wananiona nakata upepo kuelekea Lunyo, jioni wananikuta nimekwama kizingitini, basi wanasema mzee ana maigizo. Waliokuwa wakinichotea maji wameacha. Nilieleza mpaka nikachoka, siku hizi nanuna tu. Tangu mke wangu afariki, nyumba imekuwa na ukimya ambao hata redio haiumalizi, na nakiri kwamba unanitesa kuliko kutetemeka.

Mto wa sponji aliokuwa akiukalia mke wangu bado uko kwenye karia, nyuma ya baiskeli. Mwanangu aliye Nairobi alinisihi kwa simu niutoe, maana huku baiskeli yenye mto nyuma ni ya abiria, na mtu huketi bila kuuliza. Sikuutoa.

Wiki iliyopita, karibu na soko, nilipunguza mwendo kupisha lori. Mama mmoja akaketi nyuma na kapu lake.

“Mzee, nipeleka border.”

Ningemwambia ukweli akashuka. Badala yake nilikanyaga. Baiskeli ilikuwa nzito tena, nyuma yangu mtu akilalamikia bei ya nyanya, na nilifurahi mpaka macho yakalowa. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu nilihema kama daktari alivyotaka.

Tulipofika nilimwomba ashike usukani nishuke. Mguu ukagusa ardhi, ukaganda hapo hapo. Mkono ukaanza kucheza. Alinitazama, kapu kichwani, wala hakucheka.

“Kumbe wewe iko mgonjwa, mzee. Sasa nyumbani nani nakushikia baiskeli?”

“Ukuta wa jikoni,” nilimjibu.